Mtoto wa Mbele

Walikubaliana shilingi elfu arobaini kwa mwezi, kwenda na kurudi, watoto watatu. Mama alianzia thelathini, kijana wa kijiwe cha bodaboda akaanzia hamsini, wakakutana katikati na kupeana namba za simu. Katika mazungumzo yote yale hakuna aliyeuliza kofia ngumu ziko ngapi, wala mdogo atakaa wapi. Hilo la pili halikuhitaji kuulizwa. Kila mtu Dar es Salaam anajua kwamba mtoto mdogo kuliko wote hukaa mbele, juu ya tangi la mafuta, mikono ameikamata katikati ya usukani, na wakubwa wake hubanana nyuma ya dereva. Ndiyo mishikaki inayopita mbele ya macho yetu kila asubuhi.

Kisa hiki si cha nyumba moja. Nimekiunga kwa mambo yanayotokea barabarani siku zote, na watu wake sikuwapa majina kwa makusudi, kwa kuwa ninayemtafuta ni msomaji mwenye mtoto wa darasa la awali na shule isiyofikika kwa hatua chache.

Nyumba iko Kimara, shule iko ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, ukishuka kuelekea Ubungo. Watoto ni dada wa darasa la nne mwenye miaka kumi, kaka wa darasa la kwanza mwenye miaka saba, na mdogo wao wa awali, miaka mitano. Mama ana genge la chai na chapati linalotakiwa kufunguliwa kabla jua halijachomoza. Baba ni mlinzi wa usiku, hurudi wakati watoto wamekwisha kuondoka. Walijaribu daladala kwanza. Lakini nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na konda wa asubuhi akiwaona watoto watatu wenye mabegi wamesimama pamoja na watu wazima wa kulipa nauli kamili, anajua atakayempandisha. Mara kadhaa watoto walifika shule wakakuta geti limefungwa.

Mama huyu si mzembe, na ningependa hilo lieleweke mapema. Maji ya kunywa huyachemsha kila usiku. Neti huzichomekea mwenyewe chini ya godoro. Alipompata kijana wa bodaboda mwenye heshima, anayefika saa kumi na mbili kamili na kuanza na "Shikamoo mama," aliona Mungu amemfungulia njia. Watoto wakamwita anko. Na anko kweli aliwapenda. Mvua ikinyesha alivua koti lake akamfunika yule wa mbele.

Pikipiki ilikuwa ya mkataba, akipeleka hesabu kwa tajiri kila siku ili siku moja iwe yake. Leseni bado alikuwa "anaishughulikia." Kofia ngumu alikuwa nayo moja. Aliining'iniza kwenye kioo cha pembeni, akaivaa alipokaribia mataa ambako trafiki husimama, akaivua akishapita.

Bibi wa watoto, aliyekuja kutoka Korogwe kuwasalimia, ndiye pekee aliyeuliza. "Mwanangu, huyu mdogo asubuhi anasinzia. Akilala njiani atashikwa na nani?"

"Mama, anko anambana kwa mikono miwili. Halafu ni hapo tu."

Mikono miwili ya dereva ina kazi yake. Mmoja unashika klachi, mwingine moto na breki ya mbele. Mtoto aliyekaa juu ya tangi hana pa kukanyaga, hana pa kuegemea, na kichwa chake kipo mbele kabisa ya kila kitu, sentimita chache kutoka kwenye vyuma vya usukani na saa ya spidi. Kichwa cha mtoto wa miaka mitano ni kikubwa na kizito kulinganisha na mwili wake, na shingo inayokibeba bado haijakomaa. Nyuma yake kuna mtu mzima, na nyuma ya huyo kuna watoto wengine wawili na mabegi. Pikipiki ikisimama ghafla, uzito wote huo unakwenda mbele na kumgandamiza yeye. Wazazi huamini kwamba mbele ndiko salama kwa sababu mtoto anaonekana. Sijui sehemu mbaya zaidi ya kumweka mtoto kwenye pikipiki kuliko ile.

Sheria ililiona hilo zamani. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji za mwaka 2010 zilitaka pikipiki ibebe abiria mmoja, kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria, na zilikataza kumbeba mtoto aliye chini ya miaka tisa. Kwa kanuni hizo, katika watoto wale watatu aliyeruhusiwa kupanda ni dada peke yake, akiwa na kofia yake kichwani.

Trafiki naye aliwaona, tena si mara moja. Siku moja aliwasimamisha, akafoka, akatazama saa yake, akawatazama watoto. Kuwateremsha pale kando ya barabara kungewachelewesha mtihani. "Nenda, lakini kesho nisikuone," akasema. Alifanya hivyo kwa huruma, bila kuchukua hata senti, na mimi naamini usiku ule alilala akijihesabu mtu mwema. Mwaka 2021 Serikali nayo ilipunguza faini ya makosa ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, kwa kuwahurumia vijana wanaohangaikia riziki. Sina ugomvi na kumwonea huruma kijana mwenye mkataba wa kulipa. Nataka tu tuangalie huruma hiyo inavyomfikia yule anayekaa mbele.

Asubuhi ya ajali walikuwa wamechelewa. Kufika shule kwa njia halali kulitaka waende mbele hadi sehemu ya kugeuzia, wasubiri taa, warudi. Boda wengi wa pale hawaendi huko. Hushuka na barabara ya pembeni wakipita upande wa wanaokuja. Kijana alifanya alichofanya kila siku. Bajaji ikatoka uchochoroni kuingia barabarani. Dereva wake alitazama kulia, kwa sababu magari hutoka kulia, akaona kweupe, akaingia. Pikipiki ilikuwa inatoka kushoto.

Mwendo haukuzidi kilomita 30 kwa saa. Watu husikia namba hiyo wakaona ni taratibu, lakini kugonga kitu kwa mwendo huo ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita tatu na nusu, yaani kutoka juu ya paa la nyumba ya kawaida. Na kabla mkono haujafika kwenye breki, sekunde moja tu ya kushtuka, pikipiki imekwisha kumeza mita nane.

Kijana aliteguka kifundo cha mkono. Dada alichubuka magoti. Kaka aliungua mguu kwenye ekzosi. Mdogo alipiga upande wa kichwa, juu ya sikio, kwenye vyuma vya usukani, akaangukia ukingo wa barabara. Baada ya muda mfupi alikaa, akaanza kulia. "Akilia huyo ni mzima," akasema mama mmoja muuza vitumbua, akampa maji.

Ajali yenyewe iliishia hapo. Yaliyofuata yalichukua saa saba, na kila mmoja aliyeshiriki alikuwa na nia njema.

Mama alifika mbio, aproni bado kiunoni. Dada alimwambia, "Mama, kwanza alilala, tukamwita hakuitika." Sauti yake ilimezwa na za wakubwa. Kijana alikuwa amepiga magoti. Kumpeleka mtoto hospitali kungetaka fomu ya PF3, PF3 iko polisi, polisi wangeuliza leseni, na pikipiki ingelala kituoni huku hesabu ikidaiwa. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane. "Mama yangu, nakuomba, tuyamalize wenyewe." Dereva wa bajaji naye akasema kila mtu atengeneze chake. Mama akamtazama yule kijana, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, akamwonea huruma. Akaikanda nundu ya mtoto kwa maji baridi. Mtoto alikuwa amenyamaza, na mwenyewe akataka kwenda shule kwa kuwa ilikuwa siku ya kuchora. Wakamvusha kwa miguu.

Darasani alilala juu ya dawati. Mwalimu alimwacha apumzike. Watoto wa awali huamka mapema kupita umri wao, na mwalimu mwenye moyo mzuri hamwamshi mtoto aliyechoka. Saa nne alitapika uji. Wakadhani malaria. Saa saba mchana mwalimu alipomtikisa, hakuamka.

Kichwa kikipigwa pale juu ya sikio, ambapo mfupa ni mwembamba, mshipa wa damu ulio chini yake unaweza kupasuka, na damu ikajikusanya taratibu kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Mtoto anaweza kuzimia kidogo, akazinduka, akazungumza, akaomba hata chakula, kwa dakika kadhaa au saa kadhaa, huku damu ikiendelea kujaa na kuubana ubongo. Madaktari wa upasuaji wanaweza kuitoa. Watoto wakiwahishwa, wengi hupona kabisa. Mtoto asipowahishwa, kila saa inaondoka na kitu.

Hospitalini walipoulizwa kilichotokea, mama, bado akimkinga yule kijana, alisema mtoto alianguka shuleni akicheza. Daktari akaanza kupima malaria na sukari. Ni dada, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na magoti yake yaliyofungwa leso, aliyesimama akasema: "Tulipata ajali ya boda asubuhi. Anko alikuwa anapita upande wa wanaokuja. Yeye alikuwa mbele." Picha ya kichwa ikapigwa ndani ya nusu saa, na jioni ile mtoto akaingizwa chumba cha upasuaji.

Alipona, kwa maana ya kwamba yu hai. Mkono wa kulia hauna nguvu, kwa hiyo anajifunza kuandika kwa wa kushoto. Kila jioni anameza dawa ya kuzuia degedege. Kijana alikwenda hospitali siku zote alizolazwa, akipeleka matunda, na polisi walipomhitaji alijipeleka mwenyewe.

Mtoto kusahauliwa barabarani si kwetu tu. Nchini Vietnam, ambako pikipiki ndiyo usafiri wa karibu kila familia, kofia ngumu ililazimishwa kwa wote na kwenye barabara zote kuanzia tarehe 15 Desemba 2007. Watu walitii kwa namna iliyoshangaza dunia. Mijini, karibu kila kichwa cha mtu mzima kilifunikwa. Lakini sheria ilikuwa na pengo. Mtoto wa chini ya miaka 14 hakuweza kutozwa faini, na mzazi aliyembeba hakutozwa kwa niaba yake. Basi barabara zikajaa baba mwenye kofia, mama mwenye kofia, na katikati yao mtoto kichwa wazi. Uvumi ulienea kwamba kofia huumiza shingo za watoto, na wengi wakauamini kwa kuwa walihofia wanao. Mwaka 2010 pengo likazibwa: mtu mzima anayembeba mtoto wa miaka sita au zaidi bila kofia hutozwa yeye. Wazazi wale waliwapenda watoto wao kabla ya 2010 kama walivyowapenda baadaye. Walikuwa wamevaa kofia kwa ajili ya askari, ndiyo maana haikuwajia akilini kumvalisha ambaye askari hamuulizi. Sisi nasi, kofia ikining'inia kwenye kioo mpaka mataa yaonekane, tumo humo humo.

Shirika la Afya Duniani linasema kofia ngumu iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa katika ajali zaidi ya mara sita, na hatari ya ubongo kuumia kwa hadi asilimia 74. Linasema pia kwamba hakuna kinachoua zaidi watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali za barabarani. Kuvaliwa sawasawa maana yake ni kofia ya saizi ya mtoto, mkanda umefungwa chini ya kidevu, nafasi isizidi vidole viwili. Kofia ya mtu mzima juu ya kichwa cha mtoto huzunguka, humziba macho, na katika kugonga hutoka kabla ya kichwa kufika chini. Iliyokwisha kugongwa kwa nguvu mara moja imemaliza kazi yake, hata kama nje inang'aa, kwa sababu povu gumu la ndani limekwisha kubonyea. Lakini kwa mtoto wa miaka mitano hata kofia bora haimfanyi awe na pa kukaa kwenye pikipiki. Hana.

Wazazi wa mtaa wa mama yule sasa huwapeleka watoto kwa miguu, wawili wawili kwa zamu, wakivuka barabara kwa kundi. Wanaokaa mbali zaidi wamechanga kukodi bajaji ambayo watoto hukaa ndani, nyuma ya dereva, idadi ile ile kila siku. Zamu ya mama ikifika, genge huchelewa kufunguka na wanywa chai wa alfajiri huenda kwingine. Ni hasara ya kweli, na sitaki mtu asome hapa akidhani ni jambo jepesi.

Na kwa aliye na mtoto aliyeanguka leo, hata kama amesimama na anacheka: kama alizimia japo kidogo, kama anatapika, anasinzia kuliko kawaida, analalamika kichwa kinauma, anachanganya maneno, mboni za macho hazilingani, au anatetemeka mwili, mpeleke hospitali sasa hivi. Serikali imekwisha kusema mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza, PF3 ifuate. Mwambie daktari ni pikipiki, alikaa sehemu gani, alipiga kichwa wapi, saa ngapi. Na kama alikuwa na mtoto mwenzake pale alipoanguka, muulize huyo kabla hujamuuliza mtu mzima yeyote.