Mizani Ikisimama, Ni Kosa la Nani?

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali ambalo wazee wetu hawakuulizwa, lakini siku hizi limefika mpaka mlangoni petu. Mtu mnene kupita kiasi amefanyiwa upasuaji wa tumbo ili apungue. Miezi ya kwanza amepungua upesi, hata nguo zake zote zimemlegea, na watu wamemsifu. Kisha mizani imesimama. Wiki zapita, mwezi wapita, naye ala kidogo kama alivyoagizwa, wala kilo moja haiondoki. Je, mtu huyu amekosa? Na sisi tulio jirani zake, twaweza kusema kwa haki kwamba amekosa?

Twauliza kwa sababu maneno hayakawii. Mmoja husema, "Bila shaka anakula usiku." Mwingine husema, "Ng'ombe waliouzwa kwa ajili yake wamepotea bure." Wa tatu husema kwamba aliyetaka njia ya mkato amepata malipo yake. Naye mwenyewe, akisikia hayo, huanza kuyasadiki, hujiona kuwa mtu asiyeweza kujitawala. Mtu wa namna hiyo huona haya kurudi kwa daktari, huacha vidonge alivyopewa, au hujifungia njaa kali isiyo na kiasi. Kwa hiyo jambo hili si dogo. Hukumu ya uongo yaweza kumdhuru mtu kuliko ule unene wenyewe.

Tena sisi wa Karagwe na Kyerwa tuna sababu ya pekee ya kulifikiri, kwa maana nchi yetu ilipata kutajwa ulimwenguni kwa ajili ya unene. Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, akakaa hata Januari 1862. Aliona ya kwamba wake wa nyumba ya kifalme walinyweshwa maziwa mengi sana ili wanenepe, kwa kuwa unene ulikuwa heshima ya mume na uzuri wa mke. Alimpima kwa kamba mmoja wao, shemeji wa mfalme. Mkono wake ulikuwa wa sentimita 58 kwa kuzunguka, kifua 132, paja 79, na urefu wake 173. Kando yake binti yake wa miaka 16 alikuwa akinywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa. Speke aliyaandika hayo yote katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863, na wasomaji wa Ulaya wakastaajabu na kucheka.

Basi tazameni. Kipimo kilikuwa kimoja. Katika nyumba ya Rumanyika kilisema, "Huyu ni mke wa heshima." Kule Ulaya kilisema, "Huyu ni kichekesho." Kamba haikusema neno lolote kati ya hayo, ilisema sentimita tu. Heshima na dharau zilitoka katika macho ya watu. Nasi leo tumegeuka: lile ambalo babu zetu walilisifu, sisi twalifanyia mzaha. Walakini kosa ni lilelile, yaani kusoma thamani ya mtu katika ukubwa wa mwili wake.

Hatusemi kwamba unene wa kupita kiasi hauna madhara. Huleta kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti, na kukatika kwa pumzi usingizini. Katika hesabu ya afya iliyofanyika nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016, zaidi ya robo ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walionekana kuwa na uzito uliopita kiasi. Kwa hiyo tiba hutafutwa. Upasuaji huu si mpya sana. Dk. Edward Mason wa Iowa, Marekani, alianza mwaka 1966 njia ya kufanya mfuko mdogo juu ya tumbo na kuuunganisha na utumbo, ili chakula kipite kando ya sehemu kubwa ya tumbo. Njia nyingine, inayotumika sana siku hizi, ni kukata na kuondoa yapata robo tatu ya tumbo au zaidi, libaki kama bomba jembamba. Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili huko Mloganzila imekuwa ikiwatibu watu wa namna hii, wengine kwa kuwekewa puto tumboni kwa muda, wengine kwa upasuaji. Ni safari ndefu kutoka Kayanga au Nkwenda, na gharama yake si ndogo. Aendaye huko hakufuata raha.

Sasa, kwa nini mizani husimama? Twaomba waalimu na wainjilisti wasome sehemu hii kwa makini, ili waweze kuwaeleza wengine.

Kwanza, siku za mwanzo mwili hupoteza maji mengi pamoja na mafuta, ndiyo maana kilo huanguka kwa haraka. Maji hayo yakiisha, kupungua huonekana kama kumekoma, ingawa mafuta yaendelea kuondoka polepole. Wengi hukutana na kisimamo hiki cha kwanza baada ya wiki chache tu, kisha hupita.

Pili, mwili mdogo hutaka chakula kidogo. Apandaye kilima na gunia la kahawa kichwani hutoa jasho kuliko apandaye mikono mitupu. Vivyo hivyo mtu aliyepungua kilo 30 ametua mzigo aliokuwa akiubeba usiku na mchana, na mwili wake hautumii tena nguvu nyingi kama zamani. Chakula kilichompunguza mwezi wa pili chaweza kumtosha tu mwezi wa kumi na mbili.

Tatu, mwili haujui kwamba umepasuliwa kwa wema. Waona njaa, nao hujilinda kama nyumba inayopunguza kuni jikoni wakati wa ukame. Jambo hili lilichunguzwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, tangu Novemba 1944, wakati wa vita. Vijana wanaume 36, waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, walijitolea kulishwa yapata nusu ya chakula chao kwa miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwatunza wenye njaa baada ya vita. Hawakuwa wanene. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na moto wa miili yao ukashuka hata yapata sehemu mbili kwa tano. Mioyo yao ilipiga polepole, wakaona baridi hata siku za joto, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Hao walikuwa watu wa dhamiri iliyojaribiwa, wala hakuna awezaye kuwaita wavivu. Hata hivyo mwili wa kila mmoja ulijilinda bila kumwomba ruhusa.

Kwa hiyo twasema wazi: kusimama kwa mizani, peke yake, si ushahidi wa dhambi. Ndivyo mwili ulivyoumbwa, na kwa tabia hiyo hiyo wazee wetu waliokoka katika miaka ya njaa.

Lakini mtu mwenye busara atatuuliza, "Je, kwa maneno haya hamwapi walafi mahali pa kujificha? Kama mwili ndio wenye kosa, mtu atajitahidi kwa nini?" Swali hili ni la haki, nasi twalijibu hivi. Mambo yako ya namna mbili: kazi na mavuno. Mkulima wa migomba hupalilia, huweka matandazo, huondoa machipukizi yaliyozidi. Hayo yamo mikononi mwake, naye akiyaacha ana hatia. Lakini mkungu utatoka lini, na utakuwa na vichane vingapi, hayo hayamo mikononi mwake. Jirani akitaka kumhukumu, na atazame shamba kama limepaliliwa, asitazame mkungu tu. Ndivyo ilivyo kwa aliyepasuliwa. Ataulizwa juu ya kazi yake, wala si juu ya mizani.

Na kazi hiyo ipo, tena si nyepesi. Mizani ikisimama, yafaa mtu ajichunguze kwanza kwa kweli, bila hofu. Aandike kwa wiki moja kila anachokula na kunywa, maana vitu vidogo huingia bila kuonekana. Soda, chai yenye sukari nyingi, maji ya matunda na rubisi hupita upesi katika tumbo dogo, wala havishibishi. Pombe ni ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa baada ya upasuaji humlevya mtu upesi. Tena kuna kudonoa kidogo kidogo mchana kutwa, ambako kwa jumla huwa mlo mkubwa. Aanze na maharage, samaki, mayai au nyama laini, ndipo ale ndizi, maana asipopata chakula cha kujenga mwili atapoteza nyama badala ya mafuta. Atafune polepole, asinywe maji pamoja na chakula. Atembee kila siku, na afanye kazi za kutumia misuli kwa kadiri ya nguvu zake. Alale usingizi wa kutosha. Ajipime mara moja kwa wiki, siyo asubuhi na jioni, kwa maana uzito hupanda na kushuka kila siku kwa ajili ya maji tu.

Zaidi ya hayo, asiache vitamini na madini aliyoagizwa, kwa kuwa tumbo lililopunguzwa halipati tena kila kitu katika chakula, na ukosefu huo waweza kuharibu damu, mifupa na mishipa ya fahamu. Akitapika mara kwa mara, asingoje. Na aende kupimwa damu, sukari na shinikizo katika hospitali iliyo karibu, Nyakahanga kwa watu wa Karagwe au Isingiro kwa watu wa Kyerwa, na ushauri wa wale waliompasua autafute kwa simu. Kujifungia njaa au kununua dawa za kupunguza mwili sokoni ni hatari, wala si bidii.

Akiisha kuyafanya hayo kwa uaminifu, na mizani ikasimama vilevile, je? Hapo yampasa ajue kwamba kupungua kuna mwisho wake. Baada ya upasuaji wengi hufika chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili. Katika nchi ya Uswidi, ambayo jina lake twalijua vizuri makanisani mwetu kwa ajili ya wamisionari wake, madaktari walianza mwaka 1987 kuwafuata watu 4,047 wenye unene mkubwa. Watu 2,010 walipasuliwa, na 2,037 walitunzwa kwa njia za kawaida. Wale waliopasuliwa kwa ile njia ya kupitisha chakula kando walipungua 32 kwa mia ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili, lakini baada ya miaka 10 upungufu uliobaki ulikuwa 25 kwa mia. Mtu akitazama kilo tu, atasema wamerudi nyuma. Lakini hesabu ilipotolewa mwaka 2007, baada ya miaka karibu 11 ya kuwafuata, wasiopasuliwa 129 walikuwa wamekufa, na waliopasuliwa 101. Basi faida iliyotafutwa ilikuwa hai, ingawa mizani ilikuwa imesimama na hata kupanda kidogo.

Kwa hiyo mwenye kujaribiwa na ajiulize maswali mengine. Je, sukari yangu imeshuka? Je, napanda kilima cha kwenda kanisani bila kusimama njiani? Je, naweza kupiga magoti, kuinama shambani, kumbeba mtoto? Mizani haiwezi kujibu hata swali moja katika hayo, nayo ndiyo sababu mtu alikwenda kupasuliwa.

Na sisi wengine tuna kazi yetu. Rafiki za Ayubu walianza vema, walipoketi naye kimya siku saba. Walikosa walipofungua vinywa ili kueleza kosa lake wasilolijua. Tusiwe kama hao. Tusimwulize mtu kilo zake njiani wala sokoni. Karamuni tusimjazie sahani na kumwambia kwamba kukataa ni dharau, kisha kesho tukamcheka kwamba hapungui. Wainjilisti na wasitumie mwili wa mtu kuwa mfano wa ulafi katika mafundisho yao. Ulafi upo, nao hukaa hata katika watu wembamba, kwa maana ni jambo la moyo unaojitakia zaidi ya haki yake. Hauonekani kwa kutazama kiuno.

Jibu letu, basi, ni hili. Mizani ikisimama, mtu na achunguze kazi yake. Akiona upungufu, autengeneze bila kujichukia. Asipouona, na aendelee na njia ileile kwa saburi, akishukuru kwa afya aliyoipata. Jirani na amsaidie kuendelea, amsindikize hospitali siku ya kupimwa, amtembelee jioni watembee pamoja. Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaandikia mwezi huu, na mkiyazungumza katika nyumba zenu kwa upole, tutafurahi.