Limau Halitakuvua Kitambi

Leo sitawabembeleza. Tumeliabudu limau vya kutosha. Alfajiri mtu anaamka, anakamulia limau kwenye maji ya moto, anakunywa kwa unyenyekevu kama anayepokea sakramenti; ikifika saa nne yuko kibandani anaagiza chipsi mayai, mishikaki miwili na soda baridi. Ukimuuliza, anajibu kwa imani kubwa: "Nimeshakunywa limau, mafuta yatakatwa." Yatakatwa na nani?

Nasema bila kumwogopa mwenye duka la vidonge: hakuna limau wala kidonge cha vitamini C kinachoyeyusha mafuta ya kiunoni. Uongo huu una mguu mmoja wa kweli, ndiyo maana unatembea. Mwili hutumia vitamini C kutengeneza kanitini, ambayo, ndani ya seli, huyapeleka mafuta mahali yanapochomwa. Aliyepungukiwa sana na vitamini hiyo huchoka upesi. Lakini wewe unayeipata ya kutosha, ukiongeza vidonge unaongeza nini? Ni kujaza makuli bandarini siku ambayo hakuna meli iliyotia nanga. Mwili ulioshiba na kukaa kitini kutwa hauna haja ya mafuta yake. Ziada ya vitamini huishia chooni. Nayo ikizidi miligramu 2,000 kwa siku, tumbo huweza kuanza kuharisha, na mwenye historia ya mawe kwenye figo anajitafutia maumivu.

Msidhani naidharau vitamini C. Hasha! Mbuzi hujitengenezea yake ndani ya ini. Mimi na wewe hatuwezi, tumeachiwa tuitafute sahanini. Tukiikosa kwa miezi, fizi huvuja damu na vidonda hukataa kufunga. Ndicho kiseyeye kilichowamaliza mabaharia wa zamani. Mwaka 1747 daktari James Lind, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili na kuwapa tiba tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wote. Limau liliponya kiseyeye, wapendwa. Kitambi hakikuwa kwenye orodha.

Na hiyo vitamini iko wapi? Mwanamume mzima anatosheka na miligramu 90 hivi kwa siku, mwanamke 75. Pera moja la wastani linamaliza kazi hiyo! Nimeuona mpera umeinama kwa uzito, mapera yamedondoka chini yanaliwa na nzi, na mwenye nyumba dirishani amepanga makopo ya vidonge vya kutoka ng'ambo. Huku ni kukufuru neema. Papai lipo, embe lipo, ubuyu upo (ule mweupe, si huu uliovikwa sukari na rangi nyekundu). Chungwa ulile na nyama zake, usilikamue ukatupa nyuzinyuzi zinazokushibisha. Na mchicha, jamani! Tunauchemsha hadi unakata tamaa, tunamwaga maji pamoja na vitamini yake, halafu tunauogesha mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, na wengi wetu hatumimini kwa kijiko.

Sasa tuungame. Kitambi chetu kimejengwa na mlima wa wali wa saa mbili usiku ambao tunakwenda kuulalia. Kimejengwa na soda: chupa ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa vya chai, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema ni vema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku nzima. Kimejengwa na bia, na bodaboda ya kwenda dukani hatua mia mbili. Na kimelindwa na sifa! "Siku hizi umependeza, pesa imekubali," tunaambiana, na mtu anashika tumbo kwa furaha. Acheni kusifiana hivyo. Mafuta yaliyojificha ndani, yakizunguka ini na utumbo, ndiyo yanayofungulia mlango kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Azimeni futi kwa fundi cherehani. Simama wima, pumua nje kawaida bila kubana tumbo kwa aibu, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamume akifika sentimita 94, mwanamke 80, hatari imeanza. Kwa 102 na 88 imekuwa kubwa. Mkanda wa kubana tumbo hauziondoi hizo sentimita, unazihamisha tu. Zinaondoka kwa sahani iliyopunguzwa wanga na mafuta, mboga zikajaa nusu yake, na kwa miguu: dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki, kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi. Tena hutachagua mwili uanze kupungua wapi.

Basi nawasihi: kuanzia leo usiku pakueni nusu ya wali mliouzoea, na fedha ya kopo lijalo la vidonge ipelekeni sokoni kwa mama wa matunda. Wewe unayetumia dawa za kisukari au presha, usianze kujinyima chakula kabla hujaonana na daktari wako. Nenda kamwone wiki hii hii.