Mwenzako Anaposema Amechoka



Mtu akivunjika mguu, majirani humletea uji na kumtekea maji. Hakuna anayemwuliza kama kweli anaumwa. Lakini uko ugonjwa usio na bendeji wala kidonda, nao ni uchovu usiokwisha. Mama analala mapema, anaamka alfajiri, na mwili bado ni mzito kana kwamba hakulala kabisa. Siku nenda siku rudi, miezi sita, mwaka mzima. Kwenye zahanati anapimwa malaria, haionekani, anapewa tembe za maumivu na kurudishwa nyumbani.

Hapo ndipo maneno huanza. Mume husema, "Mama watoto, siku hizi kazi imekushinda." Mama mkwe hunong'ona kwamba mwanawe alioa mvivu. Na kama ni baba aliyechoka, husemwa kwamba nguvu zake ameziacha kwa mwanamke mwingine. Baada ya muda, wawili walioapa kuwa pamoja katika afya na magonjwa wanakaa kama mshtaki na mshtakiwa.

Basi leo tujiulize maswali mawili. Je, mgonjwa anawiwa kuthibitisha ugonjwa wake ndipo mwenzi wake amwamini? Na je, hospitali isipoona kitu, ni halali kutafuta nafuu kwingine?

MZIGO WA MWENZIO

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama huuona mwepesi. Kosa hili si la watu wasiosoma tu. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free mjini London, wafanyakazi zaidi ya 200 waliugua, wengi wao wauguzi wanawake, na hospitali ikafungwa kwa zaidi ya miezi miwili. Baadhi yao walibaki na udhaifu na uchovu wa muda mrefu. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili waliandika kwamba ule haukuwa ugonjwa wa mwili, bali fadhaa iliyoenea kati ya watu. Hawakuwahoji wagonjwa, walitumia kumbukumbu za hospitali. Sababu moja waliyoitoa ni kwamba waliougua walikuwa hasa wanawake.

Watu wenye ugonjwa wa namna hiyo waliishi na lawama kwa miaka mingi. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa Marekani lilieleza wazi kwamba uchovu sugu wa aina hiyo ni ugonjwa halisi na mzito wa mwili. Alama yake kubwa ni kwamba mgonjwa akijikaza leo, kesho au kesho kutwa huanguka vibaya zaidi. Baada ya ugonjwa wa korona kuanza, wengi waliopona homa yake walibaki na uchovu unaofanana na huo.

Tujifunze nini hapa? Kwamba kipimo kusema "sioni kitu" si sawa na kusema "hakuna kitu". Kipimo hujibu lile tu kilichoulizwa.

"NI MAWAZO TU"

Wengine husema, "Huyo hana ugonjwa, ana mawazo tu." Neno hilo "tu" ndilo linaloumiza. Mwanadamu hakuumbwa vipande viwili, mwili upande huu na nafsi upande ule. Huzuni kubwa humnyima mtu usingizi na hamu ya chakula, na mwili usiolala wala kula hudhoofika. Vivyo hivyo, mwili ulioishiwa damu huleta huzuni moyoni. Unyogovu, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa kama mwingine, na wakati mwingine humjia mama baada ya kujifungua. Hata ikiwa chanzo ni mawazo, uchovu wenyewe ni wa kweli.

Kumbukeni nabii Elia chini ya mti jangwani, katika 1 Wafalme sura ya 19. Alichoka hata akaomba afe. Malaika hakumkaripia wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa chakula mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kumzidi. Alianza na chakula na usingizi. Mazungumzo yalikuja baadaye.

LAKINI KAMA NI MVIVU KWELI?

Swali hili ni la haki, wala tusilikwepe. Jibu la kwanza: mvivu hukimbia kazi lakini ana nguvu za starehe. Mgonjwa hunyang'anywa hata vile avipendavyo: kwaya, harusi ya ndugu, kumbeba mjukuu. Jibu la pili ni zito zaidi. Ukimwamini mtu anayekudanganya, utapoteza kazi ya siku kadhaa. Usipomwamini mgonjwa wa kweli, utampoteza yeye, kwa maana atajifunza kunyamaza mbele yako. Hasara hizi mbili hazilingani. Kwa hiyo mwenzi huanza kwa kuamini, na uchunguzi hufuata. Asiyeamini hachunguzi, yeye huhukumu.

Jambo hili hugusa pia chumba cha wanandoa. Mchovu asipoweza tendo la ndoa, msikimbilie kudhani kwamba hapendi au ana mwingine. Semeni waziwazi. Kulala pamoja mkiwa mmeshikana mikono nako ni kupendana.

ANZENI NA YANAYOPIMIKA

Kabla ya kutafuta tiba ya mbali, ombeni vipimo vya karibu. Uchovu wa muda mrefu unaweza kuletwa na upungufu wa damu, minyoo ya safura, kichocho, kifua kikuu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, figo, moyo, au virusi vya UKIMWI. Yote hayo yana vipimo, na mengi yana dawa. Nendeni wawili. Mke akienda na mumewe, na mume akienda na mkewe, mhudumu husikia habari kamili. Mwambieni uchovu ulianza lini, na ni mambo gani ambayo mgonjwa aliyaweza zamani na sasa hayawezi.

Jikoni nako mna msaada. Ndengu, kunde na mboga za majani tunazolima zina madini ya kuongeza damu, lakini chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili kuyapokea vizuri. Tenganisheni chai na mlo kwa saa moja hivi, na badala yake kuleni chungwa au embe, ambavyo Makueni havijatupungukia. Hata hivyo, aliyeishiwa damu sana anahitaji dawa ya hospitali pia.

TIBA ZA NJE YA HOSPITALI

Sasa tuje kwenye lile wengi wanalolifanya usiku na kulificha mchana. Mgonjwa akikosa jibu, ndugu humpeleka kwa mundu mue, au kwa mhubiri wa maombezi, au humnunulia dawa ya chupa sokoni. Je, ni dhambi? Tusichanganye mambo. Mizizi na majani ni viumbe vya Mungu, na mtu anayeyajua kwa haki hafanyi ubaya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika kifungu cha 2117, hailaani tiba za jadi kwa kuwa za jadi. Inakataza kuziita nguvu mbaya kwa kisingizio cha tiba hizo, na kuwanyonya watu wepesi wa kuamini.

Nawapa maswali matatu ya kuipima tiba yoyote, iwe ya mzee wa kijijini au ya mtaalamu wa mjini.

La kwanza: je, inanitaka niache dawa ya hospitali? Mwaka 2011 maelfu ya watu, na Wakenya wengi kati yao, walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Bei ilikuwa shilingi 500 za huko, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mtu aliporwa fedha. Lakini wako walioacha dawa zao za UKIMWI wakiamini wamepona. Kikombe kilikuwa cha bei nafuu, bali kuacha dawa kuligharimu uhai.

La pili: je, inaweza kunidhuru? Dawa isiyo na kipimo inaweza kuharibu ini na figo, na asiye na figo nzuri huchoka zaidi. Mwambieni daktari kila mnachokunywa.

La tatu, ambalo kwa wanandoa ni kubwa kuliko yote: je, inanitafutia adui? Mpiga ramli akisema uchovu wa mke umetumwa na wifi au mama mkwe, mgonjwa anaweza kusikia nafuu siku mbili kwa sababu amepata jibu. Lakini nyumba imepasuka. Tiba inayomponya mmoja kwa kumshtaki mwingine si tiba, hata kama hakuna shilingi iliyolipwa.

Pamoja na hayo, tusiwadharau waganga wote. Hapa Makueni, watafiti wa Africa Mental Health Foundation, wakiongozwa na Profesa David Ndetei, waliwakutanisha waganga wa jadi, waombeaji na wahudumu wa afya. Waliwafundisha kuutambua unyogovu kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na kuwapeleka wagonjwa hospitalini inapobidi. Mtu anayeaminiwa na kijiji, akijua mpaka wa uwezo wake, ni msaada mkubwa.

Na zile njia za kutuliza nafsi? Kupumua polepole, kukaa kimya, kunyoosha viungo, kusali rozari taratibu, kuzungumza na mshauri: hizo hazina gharama kubwa, na zinaweza kusaidia usingizi na kupunguza wasiwasi. Zipokeeni kama msaada, lakini kupata nafuu kwa njia hizo kusimfanye mtu aseme, "Unaona, ulikuwa unajisingizia." Na msimlazimishe mchovu sugu mazoezi makali. Taasisi ya NICE, inayowaelekeza madaktari wa Uingereza, mwaka 2021 iliondoa ushauri wa kuwaongezea wagonjwa hao mazoezi hatua kwa hatua. Ilisisitiza mtu apime nguvu zake na kuzigawa. Sisi tulio wakulima wa ukame tunalielewa hilo: mwaka wa mvua haba hatuli ghala lote kwa wiki moja.

MWETHYA NYUMBANI

Iko tiba moja isiyouzwa popote. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20. Anayeubeba mgongoni kutoka mtoni, kisha akatafuta kuni, akapalilia, akapika, akaosha watoto, hahitaji jini la kumchosha. Hapo swali la uchovu si la daktari peke yake. Ni swali la haki: nani anabeba nini katika nyumba hii?

Wakamba tuna mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Kwa jasho la vikundi kama hivyo, pamoja na mashirika kama SASOL la Kitui, mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa katika mito yetu ya msimu, na safari za maji zikafupishwa kwa familia nyingi. Ikiwa tunaweza kwenda kumchimbia jirani mtaro, tunashindwaje kuufanya mwethya ndani ya nyumba zetu? Baba akiteka maji hapungukiwi uanaume. Mama akimruhusu baba aseme "nimechoka", naye hatahitaji kuuficha uchovu wake kwenye kilabu cha pombe.

ZUNGUMZENI WAWILI

Juma hili, baada ya watoto kulala, kaeni mjiulize:

1. Ni kazi gani inayokumaliza nguvu kuliko zote, ambayo mimi siioni?

2. Je, nimewahi kukuambia neno lililokufanya uache kuniambia unapoumwa?

3. Ni kazi ipi moja naweza kuichukua kutoka kwako kuanzia kesho asubuhi?

Anayeulizwa ajibu mpaka amalize. Anayeuliza asijitetee.