Kilio cha Mtoto na Utulivu wa Mzazi

Wahenga walituachia methali mbili juu ya kilio cha mtoto, nazo zaonekana kupingana. Moja yasema: mtoto akililia wembe, mpe. Nyingine yasema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Tufuate ipi? Swali hili si dogo, kwani ndani yake limo suala la namna binadamu ajifunzavyo kujitawala.

Tuchukue mfano wa mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002. Kando ya mji huo liko Ziwa Babati, ambamo viboko huishi. Mtoto wa miaka 3 ataka kuteremka majini, mama amkataza. Mara mtoto ajitupa chini, apiga mateke na kulia hata wapita njia wageuka. Mmoja amwambia mama amchape; mwingine amwambia ampeleke walau ukingoni, anyamaze. Mama amebaki kati ya fimbo na aibu.

Kumwachia haiwezekani. Methali ya wembe yafaa pale ambapo jeraha ni dogo na funzo ni kubwa; ziwani sivyo. Je, atumie kiboko cha pili, yaani mjeledi uliopewa jina la mnyama huyo kwa kuwa ulitengenezwa kwa ngozi yake? Hatuna budi kukumbuka kwamba mjeledi huo ulikuwa chombo cha utawala wa Wajerumani katika nchi yetu. Aliyechapwa alijifunza kumwogopa mwenye nguvu, wala hakujifunza kujizuia.

Tena, mtoto wa umri huo halii kwa ujeuri. Maneno yake ni machache kuliko hamu zake, na sehemu ya mbele ya ubongo, izuiayo pupa, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yatamka kwamba adhabu haihalaliki ikiwa mtoto, kwa uchanga wake, hawezi kuelewa kusudi lake.

Basi mama na aseme mara moja, kwa sauti ya chini: "Hapana, majini hatuendi." Amshike mtoto asijiumize, akae naye karibu, asimtishe wala asimhonge kwa pipi. Kilio kikipoa, ndipo amweleze habari za viboko. Wako watakaosema kuwa huko ni kudekeza. La hasha! Kudekeza ni kubadili neno kwa ajili ya machozi; mama huyu hakulibadili. Mzazi apigaye kwa ghadhabu ndiye aliyeshindwa, kwani hasira imemtawala kama ilivyomtawala mwanawe. Atamfundishaje utulivu hali yeye hanao?

Lakini utulivu ni mzigo mzito kwa mtu aliyechoka, naye asiachwe aubebe peke yake. Katika mila zetu mtoto hulelewa na jamaa na jirani pia. Mpita njia wa kweli ni yule ampokeaye mama kikapu chake, akasimama naye kimya mpaka kilio kiishe. Walimu na vijana wetu, ambao kesho watakuwa wazazi, yafaa wajizoeze desturi hiyo tangu sasa.