Nani Alipe Gharama ya Kubahatisha?

Taa ya njano ya injini iliwaka nikiwa Murukulazo, wilayani Ngara, na gari likawa linatetemeka kila nikisimama. Fundi akachomeka kifaa cha kusomea, kikaandika P0171. "Bosi, hapa injini inapata hewa nyingi, mafuta kidogo," akaniambia. "Sababu zinaweza kuwa nne, hata tano. Nipe elfu kumi na tano nikague kwanza."

Nikacheka. Nimlipe mtu kwa kutazama tu? "Wewe badilisha kinachosumbua," nikamjibu.

Basi akabadilisha sensa ya oksijeni. Spea ilikuja na basi kutoka Kahama: laki moja na themanini. Taa ikazimika siku mbili, ya tatu ikawaka tena.

Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki na kuiarifu kompyuta ya gari. Kompyuta ikiongeza mafuta mpaka kikomo chake na taarifa isibadilike, huandika P0171 na kuwasha taa. Namba hiyo haisemi kwamba sensa imekufa. Mara nyingi sensa inasema kweli, na ubovu uko kwingine: mpira wa hewa uliopasuka, kipima hewa kilichochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sisi tulimng'oa mjumbe, tukaleta mwingine, naye akaja na habari ile ile.

Fundi wa pili, mzee wa Ngara mjini, aliwasha injini, akachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha pole pole kwenye njia ya hewa. "Mwanangu, hebu sikiliza." Fyuuu. Ufa wa urefu wa kucha. Mpira mpya ulikuwa elfu nane.

Nilirudi nyumbani nikimlaani yule wa kwanza. Lakini nikikumbuka vizuri, yeye aliomba nafasi ya kutafuta na mimi nikamnyima. Wateja wengi tuko hivyo. Fundi akihangaika saa nzima kisha akakaza kilipu moja, tunaona katuibia. Akibadilisha spea tatu, tunamwita mchapakazi.

Hata hivyo, naye hajaponyoka. Alijua sababu ni nne au tano, akachagua moja kwa hela yangu bila kuniambia kwamba anabahatisha. Kubahatisha si dhambi, kila anayetafuta huanzia kwenye dhana. Kosa ni kumuuzia mwenzako dhana kwa bei ya uhakika.

Na jambo hili haliishii gereji. Homa nayo ni taa ya njano. Miaka mingi kila homa kwetu iliitwa malaria, tukameza dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Lakini bado wapo wanaonuna daktari akisema, "Tupime kwanza." Wanataka watoke na vidonge mkononi, kama nilivyotaka mimi kutoka na spea.

Sensa ya zamani ninayo bado, iko kwenye droo. Nzima kabisa. Sasa niwaulize, wadau: ile laki moja na themanini, mngemdai nani?