Je, Mungu Anahitaji Uongo Wetu?



Wengi wenu mnaijua ile picha. Ni kama jicho kubwa angani, mboni ya buluu, na wekundu kuizunguka pande zote. Chini yake imeandikwa ati hili ni Jicho la Mungu, linaonekana mara moja tu kila miaka 3,000, ukiitazama uombe kisha uwatumie wengine. Ilipofika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp niliwatumia wengine mimi mwenyewe. Jumapili iliyofuata nikaitaja madhabahuni, nikihubiri juu ya Hajiri kule jangwani na Mungu anayeona. Mkasema amina, tena kwa sauti.

Baada ya ibada msichana mmoja wa Kidato cha Nne aliningoja mlangoni. Akasema kwa heshima, "Pasta, ile si jicho. Ni nyota inayokufa." Nikacheka kidogo, nikamwambia tutaongea. Usiku nikatafuta. Alikuwa amesema kweli.

Inaitwa nebula ya Helix, na iko katika kundi la nyota la Ndoo. Ni mojawapo ya nebula za aina yake zinazong'aa sana na zilizo karibu nasi, ingawa "karibu" huko juu ni kama miaka 650 ya mwanga, na mwaka mmoja wa mwanga ni takriban kilomita trilioni 9.5. Nyota iliyofanana na Jua letu iliishiwa na kile ilichokuwa ikichoma ndani, ikavimba, ikaanza kumwaga gesi yake nje tabaka kwa tabaka. Kilichobaki katikati ni kiini kidogo chenye joto kali mno. Mwanga wake, ambao jicho letu haliwezi kuuona, ndio unaowasha ile gesi: oksijeni inatoa rangi ya buluu na kijani, haidrojeni na nitrojeni nyekundu. Imekuwa hivyo kwa miaka kama 10,000. Hakuna kungoja miaka 3,000. Inarudi kwenye anga la usiku kila mwaka. Picha yenyewe ilitolewa na NASA mwaka 2003, imeunganishwa kutoka darubini ya Hubble na nyingine iliyoko Kitt Peak, Arizona.

Hata jina la aina hiyo ni kosa. Zinaitwa nebula za sayari kwa sababu William Herschel, katika karne ya 18, aliziona za mviringo kama sayari. Hazihusiani na sayari kabisa. Lakini wanaofundisha mambo haya hukuambia hivyo mapema, hawalifichi kosa.

Sasa nifanye nini? Mzee mmoja wa kanisa ninayemheshimu sana aliniambia, "Pasta, achana nayo. Watu wamebarikiwa. Kwani Mungu haoni?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa maana Mungu anaona kweli. Mahubiri yalikuwa sawa, mfano ndio haukuwa. Na kuna mama katika ushirika wetu wa nyumbani, amezika mume mwaka huu, aliyeshuhudia kwamba aliitazama picha ile akalala bila kulia. Nani ataenda kumfundisha mjane habari za gesi?

Nilisomea biashara, kwa hivyo nilifikiri kihesabu. Ukimkuta karani ameandika faida ambayo haikuwepo, hata kama kampuni ilikuwa na afya, hutaamini ukurasa mwingine wowote aliouandika. Mama wa sokoni akishikwa na jiwe moja la mizani lisilo sahihi, wateja wanapima upya kila kitu. Yule msichana alijua kuhusu Helix. Angejiuliza nini siku nitakapomwambia kwamba kaburi lilikuwa tupu? Paulo aliliona jambo hili katika 1 Wakorintho 15:15: aliogopa kukutwa ametoa ushahidi usio wa kweli juu ya Mungu, na hapo alikuwa akizungumzia ufufuo wenyewe. Naye Ayubu, sura ya 13, anawauliza marafiki zake kama kweli wanadhani Mungu anahitaji wamsemee uongo ili kumtetea.

Basi nilienda kwa yule mama. Nilijiandaa kumfariji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Kwa nini hukuuliza kabla ya kusimama mbele yetu?" Nilikosa la kusema. Halafu akaitoa simu, picha bado iko pale, akataka nimwonyeshe hiyo nyota iko wapi hasa. Nikamwonyesha nukta ndogo katikati. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia nikaseme Jumapili mbele ya watu wale wale niliowahubiria.

Nimesema, na ninaandika hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Ule ujumbe niliowatumia ulikuwa wa uongo, na sikuuchunguza. Mnisamehe.

Vijana wameuliza kama wanaweza kuiona wenyewe. Inawezekana. Katikati ya Oktoba, saa tatu usiku, hapa Kenya inakuwa juu sana, imeinama kidogo upande wa kusini. Tafuteni mahali pasipo na taa na mwezi, mwe na darubini ya mkononi. Msitarajie ile buluu. Mtaona wingu hafifu la kijivu.