Dume la Siafu na Matangazo ya Ndoa



Wakati wa mvua hapa Songea, usiku hutujia barazani mdudu mnene wa rangi ya kahawia, mwenye mabawa na tumbo refu. Hujigonga kwenye taa, huanguka, hujigonga tena. Watoto humkimbia wakidhani ni nyigu, ila hana mwiba. Huyo ni dume la siafu.

Wataalamu wa kale nao walimdhania mdudu wa ukoo mwingine. Aliyewafumbua macho ni kasisi wa Ushirika wetu wa Anglikana, Thomas Savage, tabibu na mmisionari Mmarekani aliyetumika Liberia. Mwaka 1849 alieleza kwamba amewakuta madume hao ndani ya msafara wa siafu.

Malkia wa siafu hana mabawa wala macho. Hatoki kwenda kutafuta mume. Watumishi wake nao ni vipofu, hufuata harufu iliyoachwa ardhini na wenzao. Dume ndiye mwenye macho makubwa na mabawa. Lakini akiikuta njia yao huifuata kwa harufu ile ile, mpaka akutane na hao watoto wa nyumbani. Nao humkamata, humng'oa mabawa, wakampeleka kwa malkia. (Malkia hupokea waume wengi, katika hilo siafu asiwe mwalimu wetu.)

Mithali hututuma kwa chungu tujifunze bidii. Mimi nimemwendea siafu kwa habari ya uchumba. Macho humpeleka dume kwenye taa, na asubuhi tunamfagia. Harufu humfikisha kwa mkewe.

Vijana huja kwangu wakiomba tangazo la ndoa lisomwe mara moja badala ya tatu, maana kahawa ya Mbinga imelipwa na fedha ipo, au likizo inakwisha arudi Dar es Salaam. Nikiuliza, "Shangazi zake binti wanakujua?" kijana hutazama saa. Alimwona binti kwenye sherehe, chini ya taa za ukumbi, basi. Jumapili zile tatu si za Padre, ndugu zangu. Ni za shangazi na wajomba, wapate kumnusa mgeni. Na mabawa hubaki mlangoni: ile hali ya kwenda utakako na kulala utakapo.

Mara moja nilikubali kumrahisishia mtu. Wahusika tungali nao, kwa hiyo niishie hapo.

Wanaotazamia ndoa baada ya Pasaka walete majina mapema. Tangazo litasomwa mara tatu, na shangazi waje.